Mume Niliyemzika kwa Mdomo

Wewe cheka tu, wenzako wameshacheka. Hata mchungaji wangu hapa Nateete, Kampala, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama siku hiyo nilikuwa nimekula. Nilikuwa nimekula, mihogo na chai. Ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu zote.

Mimi ni mwanamke wa Uvira, Kongo. Tulipokimbia vita, mume wangu, Baba Amani, alirudi nyuma kumchukua mama yake, na sikumwona tena. Nilifika Kampala na Amani mgongoni. Mtoto huyo ana selimundu, ule ugonjwa wa damu. Mifupa ikianza kumuuma analia mpaka sauti inakauka. Daktari aliniambia matibabu mazuri yako mbali, si hapa. Kwa hiyo tulipoitwa kuhojiwa ili tupelekwe Amerika, wenzangu kwenye foleni walinifundisha: "Ukisema mume amepotea, watakuambia umngojee. Sema alikufa." Nikasema alikufa. Tena nikaongeza chumvi, eti nilimzika kwa mikono yangu mwenyewe. Mungu wangu!

Kesi ikapita. Tukapangiwa mji unaoitwa Louisville. Kila Jumamosi tulifundishwa maisha ya huko, na mwalimu akatupa karatasi yenye picha za mji: mto mpana, daraja la zamani la treni ambalo sasa watu wanalipita kwa miguu, kujifurahisha tu, na rungu la kuchezea mpira lililoegemezwa kwenye jengo, refu kuliko jengo lenyewe. Mimi na jirani yangu Mama Neema, ambaye naye alipangiwa huko huko, tulilicheka rungu lile mpaka machozi. Nani atalinyanyua? Amani akaibandika karatasi ukutani juu ya godoro lake. Kila akiumwa ananiambia, "Mama, tutaanzia kwenye daraja."

Yakabaki mahojiano ya mwisho, Jumatatu. Alhamisi nilikuwa Bukoto nauza vitenge mlango kwa mlango, mvua ikanikamata. Nikakimbilia kwenye ngazi za jengo moja la ghorofa, chini yake kuna mashine ya kusaga posho, unga wa mahindi. Mwanaume alikuwa amesimama pale, amenipa mgongo, mabega meupe. Nikadhani ni unga, ni msagaji. Akageuka.

Alikuwa Baba Amani. Haki ya Mungu! Shati lile lile la manjano la siku tuliyopotezana, na uso haujazeeka hata siku moja. Miaka saba! Vitenge vikaniponyoka. Na kile cheupe mabegani kilikuwa kinayeyuka, kinachuruzika, na pumzi yake ilitoa moshi kama chungu kilichofunuliwa.

"Mama Amani," akasema, "kule baridi iko mingi."

"Kule wapi?"

"Kule ulinituma. Si ulisema nilikufa? Sikuwa na pa kwenda. Nikatangulia."

Ungekuwa wewe ungekimbia? Akanishika mkono, ubaridi ukanifika mpaka kwenye meno, akanipandisha ngazi. Pale ambapo pangekuwa na milango ya ghorofa ya kwanza, tulikuwa juu ya daraja. Chini mto wa kahawia, upepo unakata masikio. Akanitembeza mji ule kama mtu anayemtembeza mgeni Jumapili. Akanionyesha bustani kando ya mto, maji yanaruka kutoka chini ili watoto wacheze. Akanipeleka kwenye lile rungu, nikaligusa; ni chuma kitupu, si mti. Watu walitupita, hakuna aliyetutazama. Mwisho akaketi kwenye benchi chini ya daraja, benchi lenye ubao wa pili uliovunjika.

"Nimeona vyote," akasema. "Kila siku nazunguka, hakuna mtu ananisalimia. Mama Amani, mimi sikufa, na sasa siishi. Uwaambie hujui niko wapi. Basi. Labda nitapata njia."

"Na Amani?" Nikampigia kelele, jamani, mume wangu wa ndoa! "Mtoto akinifia mikononi nitakuja kukulilia wewe hapa?"

Akalia. Sikuwahi kumwona mwanaume yule akilia.

Nikajikuta chini kwenye ngazi, mvua imekatika, na mama mmoja wa pale ananiokotea vitenge. "Nyabo, mama, unaumwa?" ananiuliza.

Siku tatu nilijiambia mtoto kwanza, mtoto kwanza. Jumatatu afisa, binti mpole tu, akauliza kupitia mkalimani, "Mume wako alizikwa wapi?" Nikafungua mdomo kutaja kijiji. Nikamwona Baba Amani ameketi peke yake kwenye baridi ile. Nikasema, "Sijui alipo." Mkalimani, Mkongomani mwenzangu, akanitazama, akaniuliza tena polepole, anataka kuniokoa. Nikarudia, "Sijui."

Maneno yamegongana, wakasema. Kesi ikarudishwa mwanzo. Mchuma janga hula na wa kwao, sawa, lakini mwanangu alichuma nini?

Mama Neema alikwenda Louisville. Siku moja akanipigia simu akiwa kwenye daraja, na kabla hajanisimulia nikamwambia ashuke, atazame benchi, ubao wa pili. Akashuka mpaka kwenye benchi. "Nani alikwambia?" akauliza. Nikamwuliza kama kuna mtu amekaa. Akasema liko tupu. Nililia siku nzima. Ameondoka? Au yuko pale pale, ila Mama Neema naye hamwoni? Nitajuaje mimi?

Miaka mitatu sasa, na Baba Amani hajabisha hodi. Amani ana miaka kumi na moja. Juzi wodini, maumivu yalipompa nafasi kidogo, akaniuliza, "Mama, si ungesema tu alikufa?" Nikamfunika shuka.

Nawe uliye kwenye foleni, una mtu wako aliyepotea, watakufundisha kama walivyonifundisha mimi. Usikubali. Sema amepotea, hata kesi ikichelewa. Lakini sema siku ya kwanza, tafadhali, kabla mtoto hajaanza kungoja.