Nilimrudisha Baba Mdogo kwa Mdomo Wangu

Admin, ukiposti naomba usiweke hata jina la shule. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu hapa Bukoba, tunaishi Kitendaguro. Siongei sana mbele za watu, hata darasani nikiulizwa najibu kwa sauti ndogo mpaka wananicheka. Hili sijamwambia mtu yeyote.

Muhula huu mwalimu wetu wa maktaba alianzisha shindano la kusoma. Alisema litafanana na zile sinema za zamani zisizo na sauti, ambazo maneno yalikuwa yanaandikwa kwenye kibao cheusi katikati ya picha. Kila mtu alipewa kadi sita nyeusi. Juu ya kadi kuna herufi zimevurugwa, unazipanga mpaka upate jina la kitabu, unakisoma, halafu nyuma unaandika kisa chote kwa maneno yasiyozidi kumi. Nilipenda sana kwa sababu hakuna kuongea. Shida ilikuwa kadi ya sita. Kitabu hicho ilibidi umsomee mtu mwingine mpaka mwisho, na siku ya kufunga shindano uje naye.

Nikamchagua Babu, yuko Ijumbi kule Muleba, nikawa naenda kwake kila mwisho wa wiki. Babu haoni tena, macho yote mawili. Alipokuwa kijana, gari la sinema likija kijijini yeye ndiye aliyesimama pembeni ya shuka jeupe kuwaeleza watu kwa Kihaya kinachoendelea kwenye picha. Nilipomweleza habari ya kadi alicheka. "Haya, leo mimi ndiye kijiji," akasema. "Wewe simama kwenye shuka."

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, kwa hiyo nilisoma kimoyomoyo halafu namwambia kwa Kiswahili, nikikwama natia Kihaya. Kilihusu kijana aliyepotea ziwani na baba yake akawa anamsubiri. Nilipogundua kinafanana na ya kwetu tulishafika katikati. Baba mdogo, mtoto wa mwisho wa Babu, alikwenda visiwani kununua dagaa mimi nikiwa na miaka mitano. Mtumbwi haukuonekana, wala yeye. Kwetu mtu asipopatikana wanazika mgomba badala ya mwili, ndipo matanga yanaisha na mjane anakuwa huru. Babu alikataa miaka yote. Mwaka huu ndipo Baba alimbembeleza akakubali, siku ikapangwa.

Alasiri ya mwisho mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye ukurasa wa mwisho yule kijana harudi. Baba yake anafunga mlango, basi. Nilisoma nikanyamaza. Babu akanishika mkono.

"Mbona kimya, mwana wange? Karudi?"

"Karudi, Babu."

"Amepita njia gani?"

Nikasema amepita nyuma, kwenye migomba, nguo zimelowa. Nikaongeza na mbwa aliyemtambua. Sijui yalitoka wapi. Ningependa kusema ilikuwa huruma tu, lakini kweli nilikuwa pia nataka kumaliza kadi yangu nirudi mjini.

Babu akasema, "Sisi tuliokuwa tunaeleza picha hatukuruhusiwa kubadilisha. Watu wanakula kutoka mdomoni mwako." Nilidhani amenigundua. Kumbe alikuwa ananisifia kwamba sijabadilisha kitu.

Tangu hapo habari ya mgomba hataki kuisikia. Anawaambia majirani kuwa kitabu cha shule kimeandika mwanawe atarudi. Ameagiza njia ya nyuma ipaliliwe. Anaweka kahawa za kutafuna kwenye kisahani, mgeni asikute nyumba mikono mitupu. Akisikia hatua kwenye majani makavu anaita jina la baba mdogo. Siku moja hatua zilikuwa zangu. Nikaogopa kujibu, nikasimama pale kwenye migomba bila kutikisika mpaka alipochoka kuita. Ile sauti inanifuata mpaka darasani.

Jumamosi iliyopita Mama mdogo, mke wa baba mdogo, alikuja akampigia magoti, akimwita baba kwa Kihaya. "Tata, waitu, miaka kumi na moja. Nifungue."

Babu akamjibu, "Unataka kumzika mtu aliye njiani?"

Mama mdogo akaja jikoni nilipokuwa namenya ndizi, akachukua kisu akanisaidia. "Mzee alikuwa ameshakubali," akasema. "Sijui nani kamtia maneno haya." Mimi nikaendelea kumenya. Tulimenya mkungu mzima, zikabaki nyingine za kumwaga.

Ijumaa ijayo shindano linafungwa. Mwalimu atasoma ukurasa wa mwisho wa kila kitabu kwa Kiswahili, wenzangu wakiigiza bila sauti. Babu ameshatoa koti lake. Akija, atausikia mwisho wenyewe mbele ya shule nzima. Nikimdanganya kwamba shindano limeahirishwa asije, Mama mdogo anabaki amefungwa. Nikimwambia mimi, namuua mwanawe mara ya pili.

Mliowahi kumwambia mzee neno zito hivi, mlianzaje? Nimwambie Baba kwanza? Atanichapa, hilo naliweza. Tafadhali msiniambie nivute subira. Leo asubuhi Babu amepiga kwa simu ya jirani, anauliza kwenye kitabu yule kijana alirudi mwezi gani. Nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Kasema atapiga tena jioni. Nishaurini jamani, nikipokea nimwambie nini?