Bi Beleshi na Shimo la Wenyewe Wawili

Jina la Bi Beleshi alipewa na wenzake wa kikosi cha barabara, na hakuna aliyekumbuka lini. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiziba mashimo ya manispaa: anachonga kingo, anafagia, anamwaga lami ya moto, anashindilia. Mwanamke mfupi, mabega kama mlango wa stoo, mdomo usio na breki. Mumewe alikuwa fundi saa, mtu mpole aliyetoa maneno kama dawa ya macho, tone moja moja.

Shimo lililomletea balaa lilikuwa mbele ya zahanati. Barabara ya zahanati ni ya manispaa. Barabara kuu inayokutana nayo ni ya mkoa. Na mpaka ulipita katikati ya shimo. Manispaa ikiziba nusu yake, nusu ya mkoa inabaki wazi, maji ya mvua yanaila ile iliyozibwa, na mwaka unaofuata kazi inaanza upya. Safari moja Bi Beleshi alichoshwa na upuuzi huo, akaziba shimo lote. Akapewa barua ya onyo kwa kosa la "kukarabati nje ya eneo la kazi". Aliisoma kwa sauti mbele ya kikosi, kisha wakati wa chai akaikalia, maana ukuta wanaoukalia ulikuwa na vumbi.

Sasa, mdogo wa mumewe, muuza magodoro, akaamua kugombea umeya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na suti tatu, sauti ya kutosha soko zima, na ujuzi wake wa barabara uliishia kwenye kuzipita. Jumapili moja alikuja na sera yake ya usafiri, kurasa nane zenye picha za rangi, akaitandaza mezani juu ya saa zilizofumuliwa za kaka yake.

"Shemeji, soma hapo," alisema. "Barabara ya juu, ghorofa mbili. Treni ya umeme. Taa za barabarani zinazoongea."

"Zinasema nini?"

"Zinawaambia watu wasubiri."

"Watu wa mji huu wanasubiri tangu nizaliwe, shemeji. Hawahitaji kukumbushwa." Akafunua ukurasa. "Na hii barabara ya juu itapita juu ya nini? Mtaa wenyewe una pikipiki sita na bata."

"Kiongozi lazima awe na maono!"

"Maono unayo. Macho ndiyo huna."

Fundi saa akapuliza vumbi kwenye saa moja. "Chai inapoa," akasema.

Mgombea aliondoka amenuna, na treni yake kwapani.

Mkutano wa kampeni ulifanyika Jumamosi asubuhi, ukumbi wa shule. Bi Beleshi alikwenda kwa sababu mumewe alimwomba. Alikaa nyuma kabisa na mabuti yake, maana alikuwa ametoka zamu. Mgombea alinguruma nusu saa kuhusu treni. Watu wakapiga makofi ya adabu. Kisha akasimama muuguzi wa zahanati.

"Wiki iliyopita gari la wagonjwa lilikwama kwenye shimo letu na mama mwenye uchungu ndani. Alijifungulia humo humo. Mimi nauliza tu, lile shimo ni la nani?"

Mgombea akakohoa. "Hilo ni suala mtambuka. Nikichaguliwa, nitaunda kamati itakayokaa na mkoa..."

Kicheko kikamtoka Bi Beleshi. Hakukusudia, kilimponyoka kama chafya. Ukumbi mzima ukageuka.

"Shemeji anayecheka," alisema mgombea, mishipa ya shingo imemsimama, "basi aje aseme yeye!"

Alitaka kumtia haya. Angemuuliza kaka yake kwanza, asingethubutu.

Bi Beleshi akapanda jukwaani. "Shimo lile ni nusu kwa nusu," alisema. "Upande wa mashariki ni mkoa, wa magharibi ni sisi. Mtoto sijui alizaliwa upande gani, muulizeni msajili."

Watu wakaangua kicheko. Akangoja wanyamaze.

"Lami si tatizo, lami tunayo. Tatizo ni maji. Pale hapana mtaro, na maji yakikosa njia hujichimbia. Kwa hiyo mtaro kwanza. Halafu mkoa na manispaa waandikiane karatasi moja tu: kikosi kilicho karibu ndicho kinaziba, basi. Na kituo cha basi kitoke pale konani kabla hakijaua mtu. Barabara ya juu tutaijadili tukishaweza kupita kwenye ya chini."

Akashuka, akarudi kukaa nyuma.

"Huyu ndiye agombee!" mtu akapaza sauti.

Muuza magodoro anajua bidhaa inayotoka. Jioni ile ile alirudi nyumbani kwa kaka yake.

"Shemeji, umeniaibisha."

"Kidogo tu, ili mji usije kukuaibisha sana."

"Basi niandikieni yale yote."

Bi Beleshi akasema, fundi saa akaandika, kwa herufi ndogo hivi kwamba mgombea alilazimika kuvaa lenzi ya ufundi jichoni ili asome sera yake mwenyewe. Akashinda kwa kura arobaini na moja.

Meya mpya alimteua shemeji yake mshauri wa uchukuzi, akampa kiti cha kuzunguka. Bi Beleshi alikikalia siku tisa. "Nimehudhuria vikao kumi na vinne," alimwambia mumewe, "na hakuna hata kimoja kilichoziba kitu." Lakini siku ya saba alimpeleka bwana anayesimamia barabara za mkoa pale zahanati, mvua ikinyesha, akamsimamisha shimoni na viatu vyake vya ngozi, akampa ile karatasi moja ya makubaliano, na kalamu. Bwana alitia saini kabla maji hayajafika kwenye soksi.

Bi Beleshi akarudi kikosini. Mtaro ukachimbwa, shimo likazibwa zima kwa asubuhi moja. Kituo cha basi hakikuhama. Meya anasema bado anatafakari, na kila Jumapili shemeji yake humuuliza ametafakari hadi wapi.

Mwezi haukuisha, wakazi wakaleta malalamiko: barabara imekuwa nzuri mno, magari yanakimbia kama yamechokozwa, wanaomba matuta. Kikosi kikatumwa. Bi Beleshi alicheka mpaka akakaa chini kwenye ukingo wa mtaro, akajifuta machozi, kisha akauliza wanataka mangapi.