Santuri ya Jazi na Shikamoo Nne

Wenzangu, nimeaibika, lakini santuri ninayo. Baada ya kuuziwa nyimbo za kwaya ndani ya jalada la jazi, niliapa kutomwamini muuzaji yeyote wa mtandaoni mpaka nisikie mali yake ikilia. Nikampata mmoja wa hapahapa Arusha, tukawa tunaandikiana tu. Ili anipunguzie bei, nikajiita mwalimu mstaafu wa kule Terrat, pembezoni mwa mji, miguu mibovu. Akalainika. Kila ujumbe wake ulianza, "Shikamoo mwalimu." Nami, kijana ambaye sijafika hata thelathini, nikaitikia marahaba bila haya.

Jana nikamwomba anipigie simu na kuicheza santuri, nihesabu mikwaruzo. Tarumbeta ikalia kwenye simu. Ikalia na ukutani! Nikatoka mbio, nikabisha hodi chumba cha jirani. Akafungua Mama Neema, mpangaji mwenzangu, rika la mama yangu. Tarumbeta ileile ilikuwa inalia nyuma yake na mkononi mwangu.

"Kumbe mwalimu ni wewe?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bei ni ileile tuliyopatana, na mkwaruzo hauna hata mmoja. Ila nirudishie shikamoo zangu. Nilikupa nne."

Nikahesabu ujumbe wake mara mbili. Zilikuwa nne kweli. Nilizitoa zote palepale mlangoni, santuri ikiwa kwapani.