Siku Mama Alipomwagia Vitambaa Maji

Mpaka leo, nikipita Huruma, hapa Eldoret, pale mafundi wa viti wanapofanyia kazi kando ya barabara, ile harufu ya gundi ya sponji ikinipiga puani, moyo wangu hutulia. Najua ni ajabu. Gundi ile huumiza watu kichwa, na mume wangu hufunga dirisha la gari akilalamika. Mimi humwomba alifungue. Wenzangu wanakumbuka nyumbani kwao kwa harufu ya chapati. Mimi niligawiwa gundi na reksini mpya, na sijawahi kusikitika. Ngoja niwaambie kwa nini.

Tulikuwa tunaishi Munyaka, katika nyumba ya kupanga yenye sebule ndogo, na sebule yenyewe ilikuwa imejaa sofa seti mpaka ukitaka kufika mlangoni unatembea kwa ubavu. Viti vilikuwa vya kitambaa cha manyoya manyoya, rangi ya chai ya maziwa, na kila kimoja kilivishwa kitambaa cheupe alichofuma Mama mwenyewe. Mama alikuwa na duka la unga na sukari hapo mtaani. Baba, ambaye kwao ni upande wa ziwa, alikuwa karani mjini. Na Shosho, mama yake Mama, alikaa shambani kwake huko Soy, na kila mwisho wa mwezi alitutembelea na jerikeni la maziwa na kicheko chake.

Hicho kicheko lazima nikieleze. Shosho alicheka na mwili mzima. Kwanza mabega yalitikisika kimya kimya, halafu sauti ikafuata, halafu machozi, halafu akamchapa mgongoni yeyote aliyekaa karibu naye. Mimi na kakangu mdogo, Omondi, tuligombania kukaa hapo tuchapwe.

Halafu akaacha kuja.

Ilikuwa baada ya Pasaka. Shosho alikuwa ameondoka asubuhi na mapema, hata chai hakungoja, na nilimkuta Mama nje akiusugua mto wa kiti kwa sabuni. Nilipouliza, alisema Omondi amekojolea kiti. Omondi alikuwa ameachana na mambo hayo na alijivunia sana, kwa hivyo alilia mpaka kamasi zikamtoka, akiapa si yeye. Nani angemsikiliza? Nilimtania kwa jambo hilo mpaka akaacha kunisalimia.

Mwezi ukaisha, Shosho hakuonekana. Alituma neno kwamba ng'ombe anakaribia kuzaa. Mwingine ukaisha, mahindi hayana wa kuyachunga. Siku moja alipitia kwetu akitoka kliniki, lakini sebuleni hakuingia. Alikaa jikoni kwenye stuli ya mbao, akanywa chai nusu kikombe, akasema anaikimbia mvua. Nje jua lilikuwa linawaka. Hakucheka hata kidogo, na nilipotaka kumkalia mapajani aliniondoa polepole.

Kliniki walikuwa wamemwambia ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Angepasuliwa hapa mjini, lakini ilibidi akae karibu kwa muda ili awe akiangaliwa mpaka apone. Kukaa karibu maana yake ni kukaa kwetu. Shosho alikataa katakata. Alisema kama ni kupofuka apofukie kwake, ng'ombe wake wanamjua kwa sauti. Mimi nilikuwa nimemwona akiweka sukari mezani badala ya kikombeni, na niliogopa. Nilijua asipokuja kwetu ataacha kutuona, na sikujua ni nani kati yetu aliyemkosea.

Baba alidhani ni yeye. Kwao mkwe na mama mkwe huheshimiana kutoka mbali. Hawataniani, hawakai kiti kimoja, na kama njia ni nyembamba mmoja anangoja mwenzake apite. Sasa, siku ile ya Pasaka, alikuwa ametoka bafuni na taulo kiunoni, akakutana na Shosho ana kwa ana kwenye kile kikorido chetu. "Ni lile taulo," alimwambia Mama kwa uchungu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Mama akamwambia si taulo. Baba hakuamini. Alinunua mbuzi, tena mnene, akampeleka Soy yeye mwenyewe akiwa amevaa tai, akaomba msamaha bila kutaja taulo maana kulitaja kungekuwa kosa la pili. Shosho alipokea mbuzi, akamwombea Baba baraka ndefu, akampa viazi vya kurudi navyo. Kuja, hakuja.

Ndipo Mama akatangaza kwamba viti vyetu vimechakaa na lazima vivishwe upya.

Mimi nilifurahi, jamani. Kwa rafiki yangu kulikuwa na viti vya velveti rangi ya maruni, ile unaandika jina lako kwa kidole kisha unalifuta kwa kiganja. Baba pia aliipenda velveti, alisema ina heshima. Wanawake wa chama cha Mama walikuwa wanakutana nyumba kwa nyumba, na kila mmoja alijua kiti cha mwenzake kina nini. Kwa hivyo tulipoingia kwa fundi Huruma, nilienda moja kwa moja kwenye velveti na kuikumbatia.

Mama alimwomba fundi vipande vya kila aina, akavipanga juu ya benchi. Alivisugua, akavivuta, akavigeuza upande wa nyuma. Halafu akatoa chupa ya maji mkobani na kuanza kuvimwagia, kimoja baada ya kingine.

"Mama, hiki ni kitambaa, si shamba," fundi akasema.

Mama aliinama, akatazama. Velveti yangu iliyanywa maji yote pale pale. Kile cha maua kiliyanywa taratibu, lakini kiliyanywa. Mwishoni kukabaki reksini, ile ngozi ya bandia ya mabenchi ya hospitali, rangi ya kahawia iliyoungua. Maji yalisimama juu yake. Mama akayafuta kwa kiganja, akakinusa kiganja, akasema ni hii, na sponji zifungwe nailoni kwanza kabla ya kuvishwa. Nililia njia nzima mpaka Munyaka.

Viti vilipoletwa nyumba yote ilinuka gundi. Baba alisimama mlangoni na koti lake mkononi.

"Mama Akinyi, hii ni sebule ama ni dispensari?"

"Ni viti vya kukaliwa, Baba Akinyi."

Na kuvikalia kulikuwa kazi. Mnaijua Eldoret mwezi wa saba. Reksini ile ilikuwa baridi kama barafu, na ukiinuka ilitoa sauti ya kumwaibisha mtu mbele ya pasta. Mama akatandika leso kila kiti, akatoa amri: kila mtu ana leso yake, na kila mtu anaifua yake, hata Baba. Wanawake wa chama walikuja, wakakaa, wakasifu chai tu. Mama akaitikia asante.

Kisha akaenda Soy. Walizungumza nini huko, sikuambiwa. Walirudi pamoja jioni, Shosho ameshika kamfuko kake, akasimama katikati ya sebule akipapasa. Aliinua pembe ya leso, akaweka kiganja juu ya reksini, akakipitisha polepole, huku na huku. Akapapasa kiti cha pili. Nacho kilikuwa na leso yake. Baba, kwa adabu za kwao, alikuwa amebaki nje ya mlango.

"Mama, karibu ukae," akasema kutoka huko.

Shosho akakaa. Akajisukuma nyuma mpaka mgongo ukagusa kiti. "Nimekaa, mwanangu," akajibu.

Mama akaingia jikoni haraka. Nilimfuata nikamkuta ameegemea sinki, anapumua kama mtu aliyetua gunia. Baba naye alikuja nyuma yetu, akanong'ona, "Nilikwambia mbuzi atafanya kazi." Mama akacheka, akafuta macho, akamwachia mbuzi ushindi wake.

Shosho alipasuliwa, akakaa kwetu mpaka akapona. Siku alipoanza kuona vizuri, alitutazama mmoja mmoja, akatuambia tumekonda, halafu akatazama kiti alichokalia. "Kumbe ndiyo rangi hii? Nani aliwachagulia?" Na mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka machozi, akamchapa Omondi mgongoni, nasi tukaanguka chini kwa kicheko.

Mimi niliamini habari ya mbuzi mpaka nikazaa mtoto wangu wa pili. Jumapili moja, kanisani, nilipiga chafya. Chafya moja tu, nikalowa, na nikabaki nimekaa palepale huku watu wote wamesimama kuimba, nikifunga sweta kiunoni na kuomba Mungu anifiche. Hapo ndipo nilipomjua Shosho. Nilijua kwa nini aliikimbia mvua ambayo haikuwepo, kwa nini aliniondoa mapajani, na kwa nini mwanamke aliyependa kucheka alikaa kwenye stuli na kukaza midomo.

Nilimpigia Mama simu nikiwa nimesimama bafuni. Alinisikiliza hadi mwisho, akanielekeza nimwone nani hospitalini, akaniambia siku hizi kuna mazoezi na yanasaidia. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia, miaka yote hiyo, hata Baba, hata Omondi maskini.

"Ningewaambia," Mama akasema, "mngemwangalia akiinuka."