Swali la Tano

Semina ya mawakili wa utetezi ilifanyika kwenye ukumbi wa hoteli hapa Dodoma, na kama semina zote ilikuwa na chai mbili, sambusa na mkufunzi aliyeipenda sana sauti yake. Kanuni aliyoirudia mpaka tukasinzia ni hii: unapomdodosa shahidi wa upande wa pili, ukishapata jibu ulilolitaka, kaa chini. Usiulize swali ambalo hujui jibu lake. Niliiandika kwa wino mwekundu. Tulipewa na vyeti, changu nikakitundika ofisini juu ya kalenda.

Mwezi uliofuata nilikuwa mahakamani Chamwino, nikimtetea kijana mfugaji aliyeshtakiwa kwa kuiba maksai wa jirani. Kosa hilo halina mzaha, ukitiwa hatiani ni miaka jela. Maksai hakupatikana, kwa hiyo kesi nzima ilimtegemea mzee mmoja aliyedai kumwona kijana akimswaga.

Kwanza alisimama mwenye maksai. Nikamuuliza kama alimwona mwizi, akasema hapana, nikakaa chini kama nilivyofundishwa. Mapumzikoni wajomba watatu wa kijana, kila mmoja na koti lake la suti, walinivuta pembeni.

"Wakili, mbona huongei?" mkubwa wao aliuliza. "Yule wa serikali anaongea mpaka jasho linamtoka. Wewe unakaa tu."

Zamani mtu ungejitetea kwa kuchomeka Kiingereza, ndugu wakaamini unasema mambo mazito. Siku hizi sheria imebadilishwa, lugha ya mahakama ni Kiswahili. Nililishangilia sana badiliko hilo, mpaka nilipogundua kwamba limemfanya kila mjomba kuwa mkaguzi wa mawakili. Mama wa kijana alikuwa amekaa kwenye benchi, ametulia, hakunikagua.

Tuliporudi ndani aliitwa yule mzee, akapanda taratibu na fimbo yake. Zamu yangu ilipofika nikasimama.

"Mzee, jua lilikuwa limeshazama?"

"Limezama, ndiyo."

"Na kati yako na huyo mtu kulikuwa na korongo?"

"Korongo lipo, hata leo lipo."

"Na vumbi?"

"Kiangazi kile! Vumbi tupu."

"Uso wake uliuona?"

"Uso sikuuona."

Hakimu aliandika. Mwendesha mashtaka alishika kichwa. Kesi ilikuwa imekwisha, na mimi nilijua imekwisha. Magoti yalikuwa yameshaanza kukunjika ili nikae. Ndipo nikawaona wajomba. Walikuwa wamesogea ukingoni mwa benchi lao, wananisubiri niongee. Na mimi, niseme ukweli, nilitaka sana kusifiwa.

Nikanyoosha koti. "Sasa mzee wangu, iambie mahakama hii tukufu: kama uso hukuuona, umejuaje kwamba ni huyu?"

"Si aliniamkia?" mzee akajibu, akinishangaa. "Alisimamisha ng'ombe kule ng'ambo, akasema, 'Shikamoo babu, mguu unaendeleaje?' Sauti yake naijua, na yeye ndiye aliyenibeba mpaka zahanati nilipoteguka. Kijana ana adabu sana huyu."

Kule kizimbani mteja wangu akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayethibitisha kwamba mguu kweli ulikuwa mbaya. Nilimuuliza mzee, sasa kwa sauti ndogo, kwa nini hakuyasema hayo polisi. Akasema hawakumuuliza.

Siku ya hukumu kijana alipata miaka mitano jela. Wajomba walinipa mkono mmoja mmoja. "Hata hivyo, siku ile uliongea," mkubwa wao alisema, na alimaanisha. Naye mteja wangu, akipelekwa kwenye gari la magereza, aliwaamkia askari wote wawili.

Sasa hivi kwenye semina mkufunzi ni mimi. Nairudia ile kanuni mpaka watu wanasinzia, na hakuna aliyewahi kuniuliza nimeijulia wapi.

Siku ile ya hukumu mama wa kijana alinisubiri nje, khanga ameishika kwa mikono miwili.

"Baba," aliniambia, "shikamoo nilimfundisha mimi. Angempita yule mzee bila kumwamkia, leo ningerudi naye nyumbani?"

Nilimwambia ndiyo, mama, ungerudi naye. Sikumwambia kwamba angerudi naye pia kama mimi ningekaa chini.