Jina la Mtandao Kwenye Mirathi ya Karani

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kutoka Kaisho nikaambiwa kwamba karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, ambaye baadhi yenu aliwahi kuwaandikia hati za madai, amefariki. Nilitoa pole, nikauliza siku ya maziko, na kabla sijakata simu nikajikuta nawaza neno la siri la tovuti. Sijivunii hilo.

Marehemu alikuwa katibu wa umoja wa wakulima wa kahawa na shule chache zinazotumia mtandao mmoja wa intaneti, wengine huku Kyerwa, wengine ng'ambo ya Mto Kagera, Uganda. Kila upande una mnara wake na kibali chake. Kinachotuunganisha ni jina moja la tovuti, ambalo barua pepe za wote hupitia, na kanuni za nani aunganishwe na nani akatwe. Kwa kuwa nina shahada ya sheria na sina ajira, nilipewa kazi ya kuandika katiba. Nikakwama kwenye swali moja: tuandikishwe nchi gani? Tukiandikishwa Tanzania, wenzetu watakuwa wageni ndani ya chombo chao. Tukiandikishwa Uganda, wageni ni sisi. Nikasoma habari za taasisi zinazogawa majina na anwani za intaneti duniani, nikitumaini zimepata dawa. Nikakuta kwamba hata hizo, nyingi ni asasi za kawaida zilizoandikishwa chini ya sheria ya nchi moja, na mahakama ya nchi hiyo inaweza kuzipa amri. Wapo wanaotaka mkataba wa mataifa badala yake, nao wana hoja. Nikaandika rasimu ya nne, kisha ya tisa.

Siku moja nilimkuta marehemu uani kwake akianua kahawa. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza, "Wakili, hiyo katiba unaiandika au unaichachusha kama pombe ya rubisi?"

"Bado kifungu cha migogoro, mzee."

"Migogoro ipi? Mbona hatujagombana?"

"Mkigombana je?"

"Tutakuita, waitu, ndugu yetu. Tutakukuta bado unaandika."

Alicheka peke yake. Jina la tovuti lilikuwa linahitajika, hivyo alikuwa ameshalisajili kwa jina lake, "kwa muda tu". Nilipoonyesha wasiwasi alinishangaa. Masufuria ya chama cha kuzikana yalikuwa stoo kwake miaka yote, nani aliwahi kusikia akiyaita yake?

Alikuwa na haki ya kushangaa. Siku ya pili baada ya maziko, akina mama waliyabeba masufuria hayo hadi nyumba ya jirani, na hakuna aliyeulizwa karatasi. Lakini nilipoiandikia kampuni iliyotuuzia jina, ilijibu kwamba mwenye jina amefariki, tulete barua ya msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Basi jina letu likaingia kwenye mirathi, katikati ya shamba la migomba na ng'ombe wawili. Nilipomweleza mjane, aliniuliza:

"Mwanangu, kwa hiyo mimi nimerithi intaneti?"

Waliokuwapo walicheka, naye akacheka, halafu akajifuta macho. "Sitaki kitu cha watu. Nionyeshe pa kusaini."

Sikuwa na pa kumwonyesha. Anayekabidhi anahitaji wa kupokea, na mbele ya sheria umoja wetu haukuwapo.

Wajumbe wa umoja walikaa kikao palepale msibani. "Andikisheni kwenu," mama mmoja kutoka ng'ambo alisema, amechoka. "Kura zetu ziwe sawa na zenu. Mkitugeuka, tutavuka tuje kuwashtaki hukohuko." Wote wakakubali. Ndilo swali lililonishinda mwaka mzima. Nimepeleka maombi ya usajili, lakini mirathi ina hatua zake na jina linaisha muda mwezi ujao, na neno la siri la kulilipia upya alilijua marehemu peke yake. Pengine tutalipoteza, na shule zitapoteza barua zao.

Nilidhani naikawiza katiba ili isimwonee mtu. Kumbe muda wote huo nilimwachia mzee mmoja abebe mwilini mwake kazi ya chombo kizima. Hakuna nchi ya kujiandikisha isiyo na kasoro, na kifungu kibovu kinaweza kurekebishwa kwenye mkutano. Uaminifu wa karani yule haukuwa na dosari, lakini chombo kinachosimama kwa sharti kwamba mtu mwema asife, bado hakijaundwa.