Maji Yaliyolala

Harufu ya dawa ya maji ikinipanda puani, narudi kwenye fleti yetu ya Rashidiya, ughaibuni, kiangazi kile bibi alipokuja kututembelea kutoka Unguja.

Kobe wetu wawili wa maji walibanana kwenye beseni sebuleni, mmoja kampanda mwenziwe. Baba aliwanunulia tangi kubwa la kioo, lakini maji ya bomba yalijaa dawa, tena kwa jua la jangwa yalichoma kama chai. Akajaza ndoo, akaziacha bafuni zilale, dawa itoke na maji yapoe.

Asubuhi ndoo zilikuwa tupu. Bibi alitoka bafuni na kanga yake, uso unang'aa.

"Mwanangu, Mungu akulipe. Umeniwekea maji baridi."

Baba akawatazama kobe. "Karibu, mama."

Kila jioni alijaza tena, na kila asubuhi bibi alimuwahi. Mwishowe baba akajaza tangi lenyewe, akaenda kulala na amani yake.

Alfajiri nilimkuta bibi mbele ya tangi, kopo mkononi, akitawadha juu ya beseni, kobe wamenyoosha shingo wakipokea matone.

"Babako huyu," akaninong'oneza, "kanisogezea maji mpaka karibu na mswala."